Leza Inavyopasua Hewa

Kwa kawaida mwanga na hewa hupishana bila kuulizana hali. Ukisimama jioni kwenye ghorofa ya juu huko Upper Hill, Nairobi, taa za Mombasa Road zinakufikia zikiwa zimevuka kilomita kadhaa za hewa, na kinachozipunguzia makali ni vumbi na moshi, si hewa yenyewe. Nitrojeni na oksijeni, ambazo kwa pamoja ni asilimia 99 ya hewa kavu, haziushiki mwanga tunaouona kwa macho. Ndiyo maana tunaona mbali. Na ndiyo maana jambo ninalolieleza hapa linabaki la ajabu hata baada ya kulielewa: mwanga wa leza ukibanwa vya kutosha unaipasua hewa. Inatokea nukta nyeupe yenye ubuluu, imesimama mahali pasipo na kitu, na inalia "ta!" kwa ukali wa kumshtua mtu. Hakuna waya. Hakuna gesi ya kuwaka. Hakuna kilichoishikilia ile nukta.

Video za tukio hili huzunguka sana kwenye simu, na mabishano huwa yaleyale. Mmoja anasema ni ujanja wa kompyuta, mwingine anasema ni silaha, wa tatu anauliza kama kitu cha namna hiyo hakiwezi kuiteketeza hewa ya mji mzima. Si ujanja, maana limefanywa maabarani tangu 1963. Hewa ya mji haiwezi kuteketea. Lakini majibu mafupi hayamtoshi mtu aliyejiuliza kwa dhati, kwa hiyo twende taratibu.

Kinachowaka pale ni plazma, na plazma huhitaji kwenda mbali kuiona. Nenda Kamukunji au Kariobangi Light Industries, umtazame fundi anayechomelea vyuma, ukiwa na kioo cheusi machoni. Ule mwanga mkali kati ya ncha ya elektrodi na chuma ni plazma. Radi ni plazma. Jua lote ni plazma. Hata ile tyubu nyeupe ndefu ya dukani, inapowaka, ndani yake kuna plazma.

Kila atomi ina kiini chenye chaji chanya na elektroni zenye chaji hasi zinazokizunguka. Katika hewa ya kawaida kila elektroni ina kwao, na kwa sababu hiyo hewa haipitishi umeme. Elektroni nyingi zikipokonywa, gesi inageuka tabia. Sasa ina elektroni zinazotembea huru, na ina ayoni, yaani atomi na molekuli zilizopungukiwa. Kuanzia hapo inapitisha umeme, inang'aa, na inaunyonya mwanga ambao muda mfupi uliopita ungepita bila taabu.

Hakuna kinachoungua kwa maana ya moto wa jikoni. Moto ni oksijeni kuungana na makaa au gesi; hii ni elektroni kung'olewa. Unaweza kutengeneza plazma ndani ya gesi ya agoni tupu, ambamo kiberiti hakiwaki kamwe. Na hapa ndipo hofu ya mji kuteketea inapokosa mguu wa kusimamia: pigo la leza, yaani mwako wake mmoja mfupi, likiisha, hakuna tena kinachoilisha plazma, elektroni zinarudi kwenye ayoni, na hewa inakuwa hewa, ikiwa na ozoni kidogo na oksidi za nitrojeni zilizoundwa njiani.

Bei ya elektroni moja

Kung'oa elektroni kuna bei yake, na wanafizikia huipima kwa elektronivolti. Molekuli ya oksijeni inadai 12.07, ya nitrojeni 15.58. Sasa tazama mwanga unaleta nini. Mwanga huja kwa vipande visivyogawanyika, navyo huitwa fotoni. Leza inayotumika sana katika kazi hii, ile ya fuwele ya YAG yenye neodimi, hutoa mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,064, na kila fotoni yake ina elektronivolti 1.17 hivi. Haifiki hata sehemu moja ya kumi ya bei.

Mtu atasema basi, fotoni ziongezwe tu. Tatizo ni kwamba molekuli haiweki akiba. Fotoni moja ikija peke yake inapita kama haikuja, na itakayofuata inakuta hesabu imeanza upya. Molekuli ni makanga asiyepokea nauli kidogokidogo: sarafu zote zitue mkononi kwa pamoja, la sivyo hakuna safari. Kwa oksijeni zinatakiwa fotoni 11 za leza hiyo, kwa nitrojeni 14, na zote zifike kwenye molekuli ileile karibu wakati uleule, ndani ya femtosekunde chache. Femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa kwa milioni moja, kisha kila kipande kikagawanywa tena kwa bilioni.

Kuna njia ya kulipa kwa fotoni moja tu, nayo ni kutumia mwanga wa urujuani mkali wenye wimbi fupi kuliko nanomita 103 hivi. Lakini mwanga huo hewa inaunyonya mara tu unapotoka kwenye chombo, kwa hiyo huwezi kuufikisha kwenye nukta unayoitaka katikati ya chumba. Uzuri wa leza ya infraredi, kama ile ya YAG, ni huu hasa: inapita hewani salama mpaka pale ulipopachagua, na pale tu ndipo inapofanya kazi.

Ili fotoni 11 zikutane kwenye molekuli moja, mwanga lazima uwe mwingi mno mahali padogo mno. Kwa mapigo ya nanosekunde chache ya leza hiyo, hewa huanza kupasuka ukali wa mwanga unapofika wati bilioni 100 hivi kwa kila sentimita mraba, na mara nyingi huhitaji zaidi. Idadi hiyo inatisha, na watu wengi hudhani itahitaji kituo kizima cha kuzalisha stima. Hapo ndipo wanapopotea, na ningependa nikae hapo kidogo kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lote.

Chukua leza ya wati 100 inayotoa mwanga mfululizo, ya aina inayokata plastiki na mbao kwenye maduka ya kuchonga nembo na ngao za zawadi katikati ya mji. Ukiukusanya mwanga wake wote kwenye nukta yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, unapata wati milioni 1.3 hivi kwa sentimita mraba. Inatosha kuyeyusha plastiki na kuunguza mbao. Kwa hewa haitoshi hata kidogo. Imepungua kwa zaidi ya mara elfu sabini. Unaweza kuiacha ikiwaka mchana kutwa na hewa isishtuke.

Sasa chukua leza nyingine, yenye nishati ndogo mno: jouli 0.05 kwa pigo moja. Balbu ya LED ya wati 5 hutumia kiasi hicho kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Lakini leza hii inaitoa nishati yote ndani ya nanosekunde 5, yaani sekunde iliyogawanywa kwa bilioni moja, mara tano. Gawanya jouli kwa muda, unapata megawati 10. Zipitishe kwenye lenzi inayozikusanya mpaka upana wa sehemu moja ya ishirini ya milimita, na umefika wati bilioni 500 kwa sentimita mraba. Hewa inapasuka.

Stima iliyotumika ni haba. Kilichobadilika ni kwamba nishati imebanwa mara mbili: imebanwa katika muda na imebanwa katika nafasi. Kila aliyepiga hatua katika fani hii alikuwa anatafuta namna mpya ya kuibana.

Ndiyo maana historia yake ilikwenda mbio hivi. Theodore Maiman aliiwasha leza ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 kwenye maabara za kampuni ya Hughes huko Malibu, Marekani, kwa fuwele ya rubi. Leza hiyo ilitoa mwanga kwa vipande vilivyotawanyika. Mwaka 1962 McClung na Hellwarth, kwenye maabara hizohizo, walionyesha namna ya kuizuia nishati ndani ya leza mpaka ijae, kisha kuifungulia kwa mkupuo mmoja wa nanosekunde. Februari 1963, kwenye mkutano uliofanyika Paris, watafiti watatu wa maabara ya kampuni ya magari ya Ford, Maker, Terhune na Savage, wakatangaza kwamba wameukusanya mkupuo kama huo kwa lenzi na hewa ikatoa cheche. Haikupita hata miaka mitatu tangu leza kuzaliwa.

Elektroni ya kwanza inatoka wapi

Hata hivyo, hesabu ya fotoni 11 peke yake haielezi cheche yenyewe. Kwa ukali wa wati bilioni mia kadhaa, bahati ya fotoni 11 kukutana ni ndogo sana. Huenda ikatokea kwa molekuli chache tu. Cheche unayoiona ina elektroni trilioni nyingi. Zimetoka wapi?

Zimezaliana. Elektroni moja ikiwa huru katikati ya ule mwanga, inatikiswa huku na huku na uwanja wa umeme wa mawimbi ya mwanga. Ikiwa peke yake, inatikisika tu bila kubakiwa na chochote. Lakini kila inapogonga molekuli, mtikisiko wake unavurugwa, na katika vurugu hiyo inabaki na nishati kidogo iliyotoka kwenye mwanga. Inagonga tena, inapata tena. Ikishavuka elektronivolti 12 hivi, pigo lake lijalo linaweza kung'oa elektroni ya molekuli nyingine. Sasa ziko mbili. Zote zinaanza upya, zinakuwa nne, kisha nane.

Katika nukta ya leza niliyoieleza, tukiichukulia kuwa na urefu wa milimita moja, kuna molekuli za hewa kama trilioni 40 kwa hewa ya Nairobi. Elektroni moja ikizaa kwa namna hiyo, baada ya vizazi 45 zimefika trilioni 35. Vizazi 45 ndani ya nanosekunde 5! Kila kizazi kinachukua sehemu moja tu ya kumi ya nanosekunde. Wataalamu huyaita maporomoko, na ni maporomoko hasa: kwa sehemu kubwa ya pigo hakuna kinachoonekana, kisha vizazi vichache vya mwisho vinamaliza kila kitu.

Lakini maporomoko yanataka jiwe la kwanza. Hewa ina ayoni zake za asili, zinazotengenezwa na miale kutoka anga za mbali na gesi ya radoni inayotoka ardhini, ila ni mia kadhaa au elfu hivi kwa sentimita ya ujazo. Nukta yetu ina ujazo wa sehemu mbili za milioni za sentimita hiyo. Mara nyingi sana ndani yake hamna hata moja. Kwa hiyo elektroni ya kwanza lazima itengenezwe palepale, ama kwa bahati ile ngumu ya fotoni 11, ama kwa msaada wa vumbi. Chembe ya masizi inaunyonya mwanga, inapata moto, inavukiza, na inamwaga elektroni. Penye chembe, hewa hupasuka kwa ukali wa mwanga ulio mdogo mara nyingi kuliko penye hewa safi.

Hapa Nairobi ina mambo yake mawili yanayovutana, na huwa nashangaa hayasimuliwi kwa wanafunzi wetu. La kwanza ni mwinuko. Mji uko mita 1,700 hadi 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Molekuli zikipungua, elektroni inagonga mara chache, inachuma nishati polepole, na maporomoko yanachelewa. Leza inayopasua hewa safi ya Mombasa kwa shida huenda ikashindwa hapa. La pili ni vumbi na moshi wa dizeli. Hewa ya Outering Road saa kumi na mbili jioni ina masizi ya kutosha kuianzisha cheche kwa urahisi ambao chumba safi cha maabara hakina. Tofauti ya mwinuko ni ya asilimia kadhaa. Masizi yanaweza kushusha kiwango mara nyingi zaidi. Moshi unashinda. Ningefurahi kumwona mwanafunzi wa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akiyapima haya mawili na kutuletea namba.

Cheche ikishawaka, inaanza kuuzuia mwanga uliobaki wa pigo lilelile. Plazma inanyonya, inapata moto wa makumi ya maelfu ya digrii (uso wa jua ni kama digrii 5,500), na kwa kuwa upande unaoelekea leza ndio unaopokea mwanga, unakua kuufuata mwanga unakotoka. Ukipiga picha kwa kamera ya kasi unaona nukta inarefuka kuelekea kwenye lenzi, kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde. Gesi ya moto hivyo inatanuka ghafla na kusukuma wimbi la mshtuko. Ule mlio wa "ta!" ni ngurumo, kwa asili ileile ya ngurumo ya radi. Ubuluu unatoka kwa nitrojeni zaidi, na weupe kutoka kwa elektroni zinazopunguzwa mwendo karibu na ayoni.

Nyuzi za mwanga

Cheche ya nanosekunde ni nukta. Kuna aina nyingine, ambayo kwangu ndiyo ya kupendeza kuliko zote, inayochora uzi mrefu hewani.

Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Rochester, Marekani, walitatua shida kubwa: pigo la leza likifupishwa sana linakuwa kali kiasi cha kuvunja vioo vya leza yenyewe. Walilirefusha pigo kwanza, wakaliongezea nguvu likiwa limelegea, kisha wakalibana tena mwishoni. Kwa kazi hiyo walipata Nobel ya fizikia mwaka 2018, pamoja na Arthur Ashkin. Tangu hapo mapigo ya makumi ya femtosekunde yenye gigawati nyingi yamekuwa kitu cha kawaida maabarani.

Pigo fupi hivyo linaisha kabla elektroni haijapata nafasi ya kugonga molekuli hata mara moja. Maporomoko hayawezekani. Inabaki njia ya kulipa bei yote papo hapo, fotoni nane kwa oksijeni ikiwa mwanga ni wa nanomita 800, na kwa ukali wa kutosha inawezekana. Na hapo linazuka jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mwanga mkali hivyo unaibadilisha hewa yenyewe kuwa lenzi: katikati ya mwale, palipo pakali, mwanga unakwenda polepole kidogo kuliko pembeni, na mwale unajikusanya wenyewe. Unajikusanya mpaka unaanza kutengeneza plazma. Plazma inafanya kinyume, inautawanya. Nguvu hizi mbili zinafika mahali zinalingana, na mwale unasafiri ukiwa uzi wenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, mita nyingi mbele, mbali sana kupita pale ambapo lenzi ya kawaida ingeuacha. Kundi la Mourou lililieleza hili mwaka 1995. Plazma ya uzi ni nyepesi, molekuli moja tu kati ya maelfu ndiyo imepokonywa elektroni, lakini kama tutakavyoona, si lazima iwe nzito ili iwe na faida.

Inatusaidia nini

Nianze na lile linalopendwa zaidi mtandaoni, nalipita haraka. Nchini Japani mwaka 2006 watafiti walionyesha chombo kinachochora maumbo hewani kwa nukta za plazma, na mwaka 2015 wengine, kwa leza ya femtosekunde, wakachora maumbo madogo ambayo mtu angeweza kuyagusa kwa kidole bila kuungua. Maumbo hayo yalikuwa na ukubwa wa sentimita moja hivi. Anayekuambia kwamba sura kubwa itatokea angani juu ya Uhuru Park kwa njia hii hajafanya hesabu ya nukta.

Linalonigusa zaidi ni la Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapahapa Gigiri, lilichapisha utafiti kuhusu jalala la Dandora uliokuta madini ya risasi kwa wingi kwenye udongo na kwenye damu ya watoto wanaoishi karibu. Kupima udongo kwa njia ya kawaida kunataka kuuyeyusha kwa asidi na kusubiri. Cheche ya leza inaweza kufanya kazi hiyo kwa namna nyingine. Ukilipiga pigo la leza kwenye bonge la udongo, sehemu ndogo isiyoonekana kwa macho inageuka plazma, na kila elementi ndani yake inang'aa kwa rangi zake zisizofanana na za nyingine. Sodiamu hung'aa njano ya nanomita 589, risasi hujitambulisha kwa zambarau ya nanomita 405.8. Unapitisha mwanga kwenye spektromita, chombo kinachozitenganisha rangi, unasoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamechapisha kazi kwa njia hii, wakichunguza udongo na sampuli nyingine za mazingira. Ugumu uko kwenye kiasi. Kujua kwamba risasi ipo ni rahisi; kujua ni nyingi kiasi gani kunataka sampuli za kulinganishia na takwimu za makini, kwa sababu unyevu na aina ya udongo hubadilisha mwangaza. Chombo hichohicho kiko kwenye sayari ya Mirihi. Gari la Curiosity, lililotua huko Agosti 2012, hupiga mawe kwa leza kutoka umbali wa hadi mita 7 na kusoma yameundwa na nini.

Kisha kuna radi. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria ukikutana na nyanda za juu, mawingu ya radi huumuka karibu kila alasiri ya msimu wa mvua, na watu wa Kisii, Nyamira na Kakamega wanajua gharama yake. Mwaka 1974 Leonard Ball alipendekeza leza itumike kuielekeza radi. Ilichukua karibu nusu karne kufanikiwa. Majira ya joto ya 2021, juu ya mlima Säntis nchini Uswisi, kundi la Aurélien Houard na Jean-Pierre Wolf liliweka leza kando ya mnara wa mawasiliano wenye urefu wa mita 124, mrefu kidogo kuliko jengo la KICC la Nairobi, ambao hupigwa na radi kama mara mia kwa mwaka. Leza ilitoa mapigo kama elfu moja kwa sekunde, nyuzi zake zikianzia karibu na ncha ya mnara. Katika kipindi hicho mnara ulipigwa na radi 16, nne kati yake leza ikiwa inafanya kazi. Moja ilinaswa na kamera za kasi ikiufuata mwale wa leza kwa takriban mita 50. Matokeo yalichapishwa Januari 2023.

Wengi hudhani radi ilipita kwenye plazma kama kwenye waya. Plazma ya uzi haikai muda wa kutosha kwa hilo. Kilichosaidia ni kilichobaki nyuma yake: kila pigo linaipasha hewa joto, hewa inatanuka, na inabaki njia yenye hewa nyepesi kwa milisekunde kadhaa. Pigo linalofuata linafika kabla njia haijajifunga. Ndani ya hewa nyepesi, elektroni inakimbia mbali zaidi kabla ya kugonga kitu, na kwa uwanja wa umeme wa wingu unaosukuma upande mmoja tu, mbio ndefu ni nishati nyingi. Mtu makini atauliza: si ulisema hewa nyepesi ya Nairobi inaichelewesha cheche? Nilisema, na yote mawili ni kweli. Mwanga hubadilisha mwelekeo mamia ya trilioni ya mara kwa sekunde, na elektroni inahitaji kugonga ili ichume. Umeme wa wingu haubadiliki hivyo, na kugonga kunaipotezea elektroni mwendo. Kitu kilekile, msaada huku, kizuizi kule.

Leza ya namna hiyo inafaa viwanja vya ndege na mahali pa kurushia roketi. Shule yenye mabati kule Kisii inahitaji fito ya shaba na waya mnene uliozikwa vizuri ardhini, na inaihitaji kabla ya mvua ijayo. 

Matumizi ya mwisho tayari yako kwenye hospitali za macho hapa nchini, na wengi waliosaidiwa nayo hawajui. Mzee akifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, lenzi mpya ya plastiki huwekwa ndani ya kile kifuko chembamba kilichobeba lenzi ya zamani. Baada ya miezi au miaka, ukuta wa nyuma wa kifuko huweza kufanya ukungu, na mzee analalamika kwamba ugonjwa umerudi. Haujarudi. Mapema miaka ya 1980 Danièle Aron-Rosa mjini Paris na Franz Fankhauser mjini Bern walileta tiba ya leza ya YAG: mapigo ya milijouli chache, yaliyokusanywa kwenye ukuta ule, yanawasha cheche ndogo ya plazma inayoupasua pasipo kisu.

Retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na unaoweza kuharibiwa kabisa na leza hiyohiyo, inaokolewa na umbo la mwale. Daktari huukusanya kwa pembe pana, hivyo unakuwa mkali kwenye nukta moja tu. Ukishaipita unatawanyika, na unapofika retina umeshatandazwa mahali papana. Plazma nayo inazuia sehemu ya mwanga usipite. Leza ya nguvu ileile ikikuingia jichoni bila mpangilio huo, kama zile za kufuta tatuu ambazo baadhi ya watu huzinunua na kuzitumia bila miwani maalumu, lenzi ya jicho lako ndiyo itakayoikusanya, na nukta kali itakuwa retina yenyewe. Huoni mwanga wake, kwa hiyo hata kope hazifumbi.

Tiba ya kifuko huchukua dakika chache mgonjwa akiwa ameketi, na anaweza kusikia vimlio vidogo kila pigo linapotua. Kama nyanya au babu yako alishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na sasa anasema ukungu umerudi, usimwache akidhani ndiyo basi. Mpeleke kliniki ya macho, na umuulize daktari kuhusu leza ya YAG.